Datsun na kabureta zake mbili

Jumamosi, 11 Januari 2025. Arusha

Gari limefika. Datsun 1600 SSS ya mwaka 1971, imeshushwa kwenye lori jioni na vijana wa mtaa wakaisukuma hadi kibandani. Imeishi Dar es Salaam miaka yake yote, ya mwisho ikiwa imelala uani Kurasini ikipigwa na hewa ya chumvi. Bodi ina kutu kwenye milango, lakini sakafu ni nzima, na chini ya boneti kabureta zake mbili za Hitachi bado zipo. Hilo ndilo lililonifanya nilipe.

Aliyeniuzia alinipa funguo, boksi la spea na ushauri: "Kaka, hizo kabureta zitakusumbua bure. Toa zote mbili, weka moja ya Toyota, ulale usingizi." Nimeusikia ushauri huo kila gereji niliyoulizia gari hili. Datsun nyingi za aina hii nilizowahi kuziona zimefanyiwa hivyohivyo, na zile kabureta mbili zikaishia kwenye mizani ya chuma chakavu. Inaniuma. SSS bila kabureta zake ni Datsun kama Datsun nyingine, imebakiwa na nembo tu.

Niliiwasha kwa choki. Sailensa, yaani mngurumo wa injini bila kukanyaga mafuta, inapanda, inashuka, inapanda tena. Ukikanyaga mafuta inasita kidogo, halafu inatoa moshi mweusi, na kibanda kizima kinanuka petroli. Naandika dalili hizi leo, kabla sijashika spana, maana nikishaanza kufungua nitashindwa kutenganisha kasoro niliyoikuta na niliyoileta mimi.

Jumapili, 12 Januari

Kabureta sijazigusa, wala sitazigusa wiki hii. Kwanza tapeti, kisha umeme wa plagi, kisha uvujaji wa hewa. Kabureta mwisho. Hazina namna ya kuponya vali isiyofunga wala cheche dhaifu. Ukizisetia juu ya kasoro hizo, unazisetia zizifiche. Siku kasoro zikiondolewa, kazi yako yote imeharibika.

Tapeti nimezisetia injini ikiwa baridi: 0.20 mm kwa vali za kuingiza, 0.25 kwa za kutoa. Ikiwa ya moto zinatakiwa 0.25 na 0.30. Kichwa cha injini hii, L16 yenye cc 1,595, ni cha aluminiamu, na aluminiamu hutanuka kuliko chuma cha vali, kwa hiyo pengo huongezeka injini ikipata moto. Nimewahi kubishana na mafundi juu ya jambo hili, nao wazoefu, kwa sababu kwenye injini nyingi walizozoea huwa kinyume chake.

Kabla ya kuzisetia, vali za kutoa za silinda ya tatu na ya nne zilikuwa zimebana, hata bati jembamba la kupimia halikupita. Vali iliyobana namna hiyo haikai vizuri kwenye kiti chake na mgandamizo unatorokea kwenye eksozi. Hapo tayari kuna sababu moja ya sailensa kuyumba, na kabureta haihusiki.

Kontakti za ndani ya distribyuta zilikuwa na shimo upande mmoja na kichuguu upande wa pili. Nimefunga mpya, pengo 0.5 mm, na kondensa mpya. Waya za plagi nimezipanga upya kwa mfuatano wa 1-3-4-2. Kisha nikaiweka taiming kwa taa, si kwa kukisia.

Jumamosi, 18 Januari

Sailensa imetulia nusu. Moshi bado.

Plagi nimezitoa zote nne na kuzipanga mezani kwa namba. Zote nyeusi, masizi makavu yanayofutika kwa kidole. Mafuta yamezidi. Mtu angekimbilia nati za mchanganyiko chini ya kabureta hapohapo na kuzipandisha ili apunguze mafuta. Mimi nimekwenda kutafuta hewa inayovuja, kwa sababu sailensa inayoyumba huwa na harufu ya hewa ya wizi.

Nilichukua kopo la dawa ya kusafishia kabureta lenye mrija mwembamba, injini ikiwa inanguruma taratibu, nikawa napulizia kidogokidogo kuzunguka gasketi za manifodi, halafu kwenye ncha za ekseli zinazobeba vilango vya hewa. (Kwenye injini hii kabureta ziko juu ya manifodi ya eksozi, upande mmoja. Dawa ile inawaka. Ndoo ya mchanga iwe mguuni, na upulizie kwa tone.) Ya mbele, kimya. Ya nyuma, mlio ulibadilika papo hapo. Nikaishika ekseli kwa vidole, ikacheza juu chini. Shimo lake limelika likawa na umbo la yai.

Sasa nauona mwendo mzima wa kosa hili. Kifuniko cha kichujio cha hewa hakipo. Kuna aliyekitoa akidhani gari litapumua vizuri. Vumbi likaingia miaka na miaka na kuila ekseli. Hewa ikaanza kupenya pembeni. Kwenye sailensa, ambapo kilango kimefunguka uzi tu, hewa hiyo ya wizi ni nyingi mno, injini ikawa inazimika. Fundi fulani akashusha jeti ili aongeze mafuta, injini ikatulia, akalipwa. Lakini barabarani, kilango kikifunguka, hewa ya wizi ni kidogo sana ukilinganisha na inayopita mlangoni, na jeti bado imeshushwa. Hapo ndipo mafuta yanazidi na moshi unatoka. Kisha kabureta ikaitwa mbovu.

Jumatatu, 20 Januari

Unga Limited, kwa fundi wa mashine ya kuchonga vyuma. Kijana mtaratibu. Aliigeuza ile bodi ya kabureta mikononi, akaniambia, "Mzee, hizi watu wanatupa siku hizi." Nikamwambia anitengenezee zote mbili, hata ya mbele ambayo bado inafaa, zianze umri mmoja. Atatanua matundu, atie bushi za shaba na kuzichonga mpaka ekseli izunguke bila kubana na bila kucheza. Nimemwomba asiharakishe.

Jumamosi, 25 Januari

Kabureta zimerudi na kazi ni safi. Leo nimefungua sehemu zake zilizobaki, mezani, juu ya shuka jeupe ili kisipotee kitu.

Kila ninapozifungua hizi nazipenda zaidi. Kabureta nyingi zina jeti kadhaa: ya sailensa, ya mwendo, pampu ya kurushia mafuta ukikanyaga ghafla. Hii ina jeti moja na sindano moja. Juu kuna kuba la aluminiamu, ndani yake pistoni inayopanda na kushuka yenyewe. Injini ikitaka hewa nyingi, mvuto wa ndani ya kuba unaiinua pistoni na njia inapanuka. Ikitaka kidogo, pistoni inashuka na njia inasinyaa. Hivyo mwendo wa hewa juu ya jeti unabaki karibu uleule wakati wote. Sindano imefungwa chini ya pistoni na imechongwa ikichongoka kuelekea ncha. Ikipanda pamoja na pistoni, nafasi inayobaki kwenye jeti inaongezeka, na mafuta yanaifuata hewa.

Wazo hili si la Japani. Ni la Mwingereza George Herbert Skinner, mtoto wa familia ya wauza viatu, mwanzoni mwa karne ya 20. Kabureta zake za kwanza hazikuwa na pistoni bali mfuko wa ngozi uliovimba na kunywea. Kampuni waliyoianzisha yeye na nduguye ndiyo SU, yaani Skinners Union, na Hitachi walifuata njia hiyohiyo walipotengeneza hizi za Datsun. Zaidi ya miaka 100 sasa, na bado unaweza kuelewa kila kipande kwa kukitazama.

Ya kukumbuka wakati wa kusafisha: kuba la mbele lirudi kwa pistoni ya mbele, la nyuma kwa ya nyuma. Zilisagwa kwa jozi, na pengo kati yake ni la kupimwa kwa unywele. Petroli safi na kitambaa tu. Msasa marufuku. Ndani ya kuba pasipakwe oili, itakusanya vumbi na pistoni itakwama. Oili inakwenda sehemu moja tu, kwenye kijibomba cha juu, oili nyepesi ya injini. Kazi yake ni kuizuia pistoni isiruke ghafla unapokanyaga. Pistoni ikichelewa kidogo, mvuto juu ya jeti unaongezeka na mafuta ya ziada yanapanda kwa dakika ile inayohitajika. Vijibomba vyote viwili vilikuwa vikavu kabisa. Ule msito niliousikia siku ya kwanza nadhani ulitoka hapo.

Jumatano, 29 Januari

Vali ya boya ya kabureta ya mbele ilikuwa ikivuja, petroli ikipanda bakulini kupita kiwango. Nimebadilisha zote mbili na kulinganisha viwango. Nimepata kifuniko cha kichujio kutoka kwenye boksi la spea, kilikuwa humohumo siku zote, na kichujio kipya. Gari hili halitatembea tena bila kichujio.

Jumamosi, 8 Februari

Siku ya kusetia. Mzee wa Kijenge, aliyeanza kushika spana akiwa kijana enzi za Safari Rally, alikubali kuja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kwanza mwambie huyo kijana wa jirani azime redio."

Tuliipasha moto injini kwa kulizungusha gari barabara ya Sakina na kurudi. Injini baridi haisetiwi. Kisha tukalegeza kiungo kinachounganisha ekseli mbili, ili kila kabureta iwe peke yake. Nati za mchanganyiko chini ya jeti nilikuwa nimezipandisha hadi mwisho, halafu nikazishusha mizunguko miwili na nusu kila moja. Huo ni mwanzo tu, mahali pa kuanzia kusikiliza.

Mzee alitoa mfukoni kipande cha mpira wa maji, urefu wa mkono. Ncha moja sikioni, ya pili kwenye mdomo wa kabureta ya mbele, kisha ya nyuma, kisha ya mbele tena, mahali palepale pa mdomo kila safari. Kuna sauti ya kuvuta, fff, na kazi ni kufanya sauti mbili zilingane. "Ya nyuma inavuta zaidi. Punguza." Nikalegeza skrubu ya sailensa ya nyuma, sindano ya kipima mizunguko ikashuka, nikaongeza ya mbele. Tulikwenda hivyo, uzi kwa uzi, hadi sauti zikawa moja na injini ikakaa karibu na mizunguko 700 kwa dakika. Vipo vipimo vya kuuzwa vya kazi hii, na ni vizuri. Lakini nilipoutia ule mpira sikioni mwangu mwenyewe nilielewa kwa nini mzee hajawahi kuvihitaji.

Kulinganisha hewa ndiyo nusu ya kazi, na ndiyo inayorukwa. Kabureta ya mbele inalisha silinda ya kwanza na ya pili, ya nyuma inalisha ya tatu na ya nne. Moja ikivuta zaidi, silinda mbili zinafanya kazi na mbili zinasindikizwa. Ukigusa mchanganyiko kabla hewa haijalingana, hutafika popote.

Ndipo tukaingia kwenye mchanganyiko. Kila kabureta ina kipini kidogo ubavuni cha kuinulia pistoni. Unaiinua kidogo mno, chini ya milimita moja, na kusikiliza. Injini ikichangamka na kubaki imechangamka, mafuta yamezidi: pandisha nati. Ikizubaa au kutaka kuzima, hewa imezidi: shusha nati. Ikichangamka kidogo tu na kurudi palepale, umefika. Ya mbele ilifika haraka. Ya nyuma ilichukua muda, na kila nati ilipoguswa tulirudi kwenye mpira kuhakiki hewa, kwa sababu kimoja kinakivuta kingine.

Mwisho tukakaza kiungo, vilango vifunguke kwa pamoja. Mzee alikanyaga mafuta mara moja, injini ikapanda bila kusita na ikashuka ikatulia. Moshi hakuna. Alifuta mikono akasema, "Hii ndiyo sauti yake. Nilikuwa nimeisahau." Kisha akanikumbusha kuwa gari la aina hii ndilo lililoshinda Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1970, likiendeshwa na Edgar Herrmann akiwa na Hans Schüller. Nilikuwa nalijua, lakini nilimwacha anisimulie yote.

Jumamosi, 15 Februari

Mpwa wangu anaoa Tanga tarehe 22, kabla ya Ramadhani. Mama watoto anataka twende na Datsun. Nami nataka, ila kuna hesabu ya kufanya.

Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Tanga iko kwenye bahari yenyewe. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa kama asilimia 13. Kabureta inapima hewa kwa ujazo na mwendo wake. Uzito wa hewa haiujui. Injini kwa upande wake inataka uzito: sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu moja ya petroli. Ukipanda mlima, hewa inapungua uzito, na mafuta yanapungua pia lakini si kwa kadiri ileile, hivyo mchanganyiko unazidi mafuta kwa kama asilimia 7 kwa kimo cha hapa. Ukishuka, kinyume chake. Hii inaniambia pia kwamba hata bila ekseli iliyolika, gari lililosetiwa sawasawa Dar lingefika Arusha likitoa moshi. Kuna magari mangapi yanayopandishwa lori kutoka pwani na kuhukumiwa huku juu kwa kosa la hewa?

Kwa hiyo nilichokisetia wiki iliyopita ni sahihi hapa, na pwani kitakuwa na hewa iliyozidi. Hewa ikizidi, mwako unakuwa wa moto, plagi zinakuwa nyeupe, injini inagonga kwenye mlima, na safari ndefu kwa hali hiyo inaweza kuunguza vali. Ni hatari kuliko moshi, maana haionekani.

Uzuri wa hizi kabureta uko hapa. Zile za jeti za kubadilisha zingenitaka nibebe boksi la jeti na kuzifungua njiani. Hapa ni nati mbili, kwa vidole, dakika chache. Sitashusha kitu kabla ya kuondoka. Nitasoma plagi njiani na kushusha pale zitakaponiambia.

Jumamosi, 22 Februari. Tanga

Tumefika jana jioni. Moshi, Mwanga, Same, milima ya Pare kisha Usambara mkono wa kushoto, na gari likishuka kimo kwa jumla. Mbele ya Same, kwenye ule mnyooko wa katani, nilikwenda mwendo mmoja kwa dakika kadhaa, nikakanyaga klachi na kuzima injini palepale, nikalisogeza pembeni. Plagi zilizozimwa kwenye mwendo ndizo zinazosema kweli. Ukiiacha injini ingurume kwanza, zinakupa habari za sailensa. Rangi ilikuwa hudhurungi nyepesi sana, nyepesi kuliko Arusha. Nne zote zinafanana, na kufanana kwao kumenifurahisha kuliko rangi yenyewe.

Mombo joto kali. Tulisimama kula, na baada ya kula gari lilikataa kuwaka. Injini iliyozimwa inaendelea kupanda joto, na hizi kabureta ziko juu ya eksozi; petroli inachemka bakulini. Nilifungua boneti, tukanywa soda ya pili, likawaka. Bati la kukinga joto chini ya kabureta limetoboka kwa kutu. Litengenezwe.

Leo asubuhi, kabla ya shughuli, nimesoma plagi tena baada ya kulitembeza mjini. Zinaelekea weupe. Nimeshusha kila nati robo mzunguko, mbele na nyuma sawasawa, nikajaribu kwa kipini: inachangamka kidogo na kurudi. Hewa sikuigusa, haikuhitaji. Shemeji alisimama kando na kanzu yake ya harusi akiuliza nafanya nini chini ya boneti asubuhi ya nikaha. Nikamwonyesha. Alishika nati mwenyewe.

Jumamosi, 1 Machi. Arusha

Tumerudi. Nati zimepandishwa robo mzunguko, kama zilivyokuwa. Sailensa imesimama, hakuna moshi, oili ya vijibomba imeongezwa kidogo.

Naacha hapa vipimo vya atakayeshika gari hili baada yangu, na mwanangu mkubwa akiwa wa kwanza. Tapeti 0.25 na 0.30 mm injini ikiwa ya moto. Kontakti 0.5. Mizunguko 700. Kabureta ya mbele, kutoka juu kabisa, miwili na nusu. Ya nyuma miwili na robo. Hivyo ni vya Arusha. Tanga au Dar ongeza robo kwa kila nati, na urudishe ukipanda. Kichujio kibadilishwe kabla hakijawa cheusi, hasa baada ya barabara za vumbi.

Kabureta zibaki mbili. Akija fundi anayetaka kuzitoa, apime kwanza tapeti, kontakti na ekseli za vilango, anionyeshe alichokuta, ndipo tuzungumze.